Kukitengeneza kibanda cha kuvulia barafuni: kila kitu mahali pake, na miguu yenye joto

Samaki wa kwanza wa binti yangu alitoka jioni kwenye shimo tulilotoboa katika barafu ya ziwa, giza likiwa limeshaingia. Yeye ameshika ufito kwa mikono miwili, mimi nimepiga magoti natafuta koleo la kung'olea ndoana. Koleo lilikuwa ndani ya ndoo, ndoo chini ya begi, na begi nyuma ya mtungi wa gesi. Nilipolipata, samaki alikuwa ameshajipapatua na kurudi majini. Mtoto hakulia. Aliniambia tu, "Baba, miguu inaniuma." Alikuwa amekaa saa tatu nzima nyayo zikiwa juu ya barafu tupu, akanyamaza asije akaniharibia safari.

Juma lile nilikitoa kibanda, nikakifungua katikati ya gereji na kuanza kukitengeneza upya. Tangu siku hiyo imepita misimu sita. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyobaki baada ya kung'oa mengi yasiyofaa.

Kibanda chenyewe ni kile cha kupindua: sleji ya plastiki iliyo kama kihori, viti vilivyofungwa kwenye reli ndani yake, na turubai juu ya fremu ya alumini unalolivuta kutoka nyuma likakufunika kichwa mpaka mbele ya miguu. Dave Genz, mvuvi wa Minnesota, ndiye aliyeupa umaarufu muundo huu kwa kibanda chake cha Fish Trap. Nia yake ilikuwa mvuvi aweze kuhama upesi kuwafuata samaki, asifungwe na shimo moja kutwa. Jambo hilo likumbuke kabla hujanunua hata skrubu moja, maana kila unachokifunga kibandani utakiburuta. Sleji yangu ilianza na kilo 32 pamoja na vifaa. Mwisho wa msimu wa pili niliipima nikakuta 61, na ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nimeacha kuhama. Sasa ina kilo 44, na vingi vilivyomo ni vile ninavyovitumia kweli.

Kaa kwanza, toboa baadaye

Kifungue kibanda mahali pakavu, vaa nguo zako zote za baridi pamoja na buti na glavu, kisha ukae kitini. Weka sahani mbili sakafuni mahali ambapo mashimo yatakuwa. Shika ufito. Sasa, bila kuinuka, nyoosha mkono kila upande na uweke alama za chaki pale vidole vinapofika. Eneo hilo ni dogo kuliko unavyodhani, kwa sababu koti zito huchukua sehemu ya urefu wa mkono. Ndani ya alama hizo kaa na vitu unavyovigusa kila saa: koleo, chambo, kisanduku cha ndoana, kijiko cha kuondolea vipande vya barafu shimoni, chupa ya chai. Vingine vyote viende nyuma ya viti.

Kila mtu apimwe kwenye kiti chake. Binti yangu hutumia mkono wa kushoto. Mara ya kwanza nilimwekea vyombo vyake kulia kama vyangu, na kila alipotaka chambo ilimbidi apitishe mkono juu ya mshipi wake mwenyewe. Siku hizi koleo lake linaning'inia kushoto kwa kamba fupi ya mpira.

Baada ya hapo kunja kibanda polepole ukiangalia nguzo na turubai vinapolalia. Ndani ya sleji kuna nafasi inayoonekana tupu kibanda kikiwa wazi, lakini kikikunjwa nguzo hulala hapohapo. Niliwahi kufunga rafu nzuri ya mbao na ikavunja kona ya fremu mara ya kwanza nilipofunga kibanda. Tangu hapo, kila ninachoongeza nakijaribu kwa kufungua na kukunja mara tatu kabla ya kukikaza.

Kutoboa sleji bila kuipasua

Sleji nyingi ni za polietilini, na gundi haishiki polietilini. Usipoteze muda nayo. Tumia bolti zenye vichwa vipana, na kila upande weka kisahani kipana cha chuma ili nguvu isambae. Toboa ndani ya nyumba plastiki ikiwa na joto la kawaida, kwa sababu ikiwa baridi sana hupasuka kuanzia ukingo wa tundu. Toboa kwenye kuta, angalau kiganja kimoja juu ya sakafu ya sleji. Chini ya hapo maji ya theluji iliyoyeyuka yataingia, na utayakuta yameganda chini ya vitu vyako.

Nguzo za alumini usizitoboe kabisa. Huingiana moja ndani ya nyingine, kwa hiyo skrubu inayotokeza ndani itazuia nguzo isiteleze, na tundu huwa mahali pa kwanza pa kujikunja upepo ukivuma. Kwenye nguzo funga vitu kwa velkro. Vile vifungo vya plastiki vinavyokazwa kwa kuvutwa, ambavyo kila mtu anavyo kwenye droo, ni imara sebuleni, ila kwenye baridi kali hukauka na kukatika kama kijiti.

Mahali pa kuwekea vitu

Fito kwanza, kwani ndizo zinazovunjika. Fito za kuvulia barafuni ni fupi, nyingi ni sentimita 60 hadi 75, kwa hiyo zinalala vizuri ndani ya bomba la plastiki la maji. Nilikata mabomba manne, nikatandika povu jembamba ndani, kisha nikapasua mfereji mwishoni mwa kila bomba ili shina la rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, likae humo. Yamefungwa kwenye ukuta wa sleji, mawili kila upande, vinywa vikitazama viti. Uzuri wake ni kwamba ufito unaingia ukiwa na mshipi na ndoana tayari, ukitoka unavua. Kufunga ndoana kwa vidole vilivyokufa ganzi ni kazi ambayo heri uimalize nyumbani.

Chini ya kila kiti nimeweka kasha la plastiki lenye kifuniko. Makasha ninayachomoa na kuyaingiza nyumbani, hivyo kupanga vitu nafanya mezani jioni, si gizani kwenye upepo. La kulia lina vyombo vya kuvulia. La kushoto lina vya dharura: kamba, glavu kavu, kiberiti ndani ya mfuko usiopitisha maji, taa ya kichwani, bisbisi. Miiba ya barafu, ile jozi ya misumari yenye vishikio ya kujivutia ukitumbukia, haikai ndani ya kasha lolote. Inakaa shingoni mwangu na mwa mtoto tangu tunapokanyaga ziwa.

Juu, kati ya nguzo mbili za nyuma, nimetandaza wavu mwepesi wa mizigo. Joto hupanda, kwa hiyo glavu na kofia zilizolowa hukauka hapo zenyewe. Hakikisha tu wavu uko mbali kabisa na mahali juu ya hita. Kitu kikidondoka, kidondoke nyuma ya viti.

Chambo hai kina tatizo lake: kikiwa karibu na hita hufa, kikiwa mbali huganda. Nilitengeneza kimfuko cha povu upande wa ndani wa ukuta wa sleji, karibu na goti langu, mbali na moto. Chambo kinakaa humo siku nzima. Keekee ya kutobolea barafu hubaki nje, imefungwa nyuma ya sleji huku makali yake yakiwa yamevikwa kifuniko. Ikiingia ndani ikiwa na barafu, itadondoshea kila kitu maji, na makali hayo hukata turubai bila hata kulikwaruza kwa nguvu.

Sakafu

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Nunua vile vigae vya povu vinavyoshikana kama chemshabongo, vya sentimita 60 kwa 60 na unene wa milimita 12 au zaidi. Vipange kutoka ukingo wa sleji hadi mwisho wa turubai. Povu hilo lina vipovu vilivyofungwa, halinyonyi maji, na hutenga unyayo na barafu kabisa. Tena huzuia jambo ambalo watu hawalitarajii: ukiwasha hita, uso wa barafu huanza kuyeyuka, na baada ya saa mbili unakuwa umekaa kwenye uji wa maji na theluji. Chini ya povu barafu hubaki kavu.

Mashimo yangu yana kipenyo cha sentimita 20. Kwenye povu nilikata duara za sentimita 25, ili mshipi usisugue ukingo na keekee isilichane povu. Zile duara zilizokatwa usizitupe. Toboa tundu katikati, pitisha kamba ya kushikia, na uzitumie kama vifuniko shimo lisipotumika. Mtoto akisimama kujinyoosha hatakanyaga shimo, na taa ndogo ikidondoka haitakwenda chini ziwani.

Sisi tunatumia vigae sita. Vinafungwa kwa mkanda mmoja na kulala juu kabisa ya mzigo, kwa sababu ndivyo vya kwanza kushuka.

Umeme kidogo unatosha

Nilianza na betri ya risasi kwa sababu nilikuwa nayo. Ni nzito, na baridi huipunguzia uwezo sana, kiasi kwamba betri iliyojaa nyumbani huonekana imechoka kabla ya machweo. Sasa natumia ya lithiamu fosfeti ya chuma, volti 12.8, saa-ampea 10. Uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Ina sharti moja: usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi, kwa sababu lithiamu hujipaka ndani ya seli kama utando na kuiharibu kabisa. Kutumia kwenye baridi haina neno. Ukirudi, iache ndani ya nyumba mpaka ipate joto la chumba, ndipo uichomeke.

Hesabu yake ni rahisi. Betri hiyo ina kama wati-saa 128. Taa yangu ya ledi inakula wati 5, feni wati 2 na ushei, kipima-kina kinachoonyesha samaki wati 10 hivi. Jumla ni 17 na kitu, kwa hiyo napata karibu saa saba vyote vikiwaka pamoja, na kwa kawaida haviwaki vyote. Ukitaka utepe wote wa taa wa mita 5, angalia kwanza wati zake, maana kuna tepe zinazokula peke yake mara nne ya jumla yangu. Mimi nina mita moja, na inatosha kusoma fundo la mshipi.

Utepe huo uko nyuma ya nguzo ya mbele, unamulika chini kwenye mashimo, haunipigi machoni. Gundi yake ilibanduka safari ya kwanza, kwa hiyo umeshonewa kwenye mkanda wa velkro. Nyaya ni zile zenye ganda la silikoni, kwa sababu ganda la kawaida hukakamaa kwenye baridi na mwishowe hupasuka pale linapokunjwa kila siku. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya ukichunika kati ya nguzo mbili, fyuzi ikatike, turubai lisishike moto.

Joto na hewa

Hapa sitaki mtu apite haraka. Hita yangu ni ya propani, ile ndogo inayobebeka, yenye kihisi kinachozima moto oksijeni ikipungua. Kwa moto mdogo inatoa kidogo zaidi ya kilowati moja, na mtungi wa gramu 450 unakwenda kama saa tano. Kibanda kidogo chenye turubai la tabaka mbili hakihitaji zaidi ya hapo.

Kihisi cha oksijeni si king'ora cha kaboni monoksidi. Ni vitu viwili tofauti, na unavihitaji vyote viwili. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na usingizi, zinafanana na uchovu wa mtu aliyekaa baridini kutwa. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, kwa hiyo haizami wala haibaki juu peke yake, bali husambaa mle mnamopumulia. King'ora changu nimekifunga kwenye usawa wa vichwa tukiwa tumekaa. Ving'ora vingi vya nyumbani havikutengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 4, hivyo changu nasafiri nacho ndani ya koti, nakifunga kibanda kikishapata joto kidogo, na nakijaribu kwa kitufe kila safari mtoto akisikia, ili aijue sauti yake.

Matundu mawili ya hewa yabaki wazi muda wote hita ikiwaka, moja juu na moja chini upande wa pili. Watu huyaziba kwa kuhofia joto kupotea. Mimi nilishona kipande cha povu kwenye kila kifuniko cha tundu ili hata kikidondoka kisiweze kufunga kabisa. Theluji unayoirundika kwenye pindo la nje la turubai kuzuia upepo isifike kwenye tundu la chini, na kama theluji inaanguka, toka ukaangalie.

Hewa hiyo hukusaidia jambo jingine pia. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakiwa mvuke. Maana yake mtungi wangu mdogo unamwaga karibu robo tatu ya lita ya maji ndani ya kibanda. Yasipopata pa kutokea, huganda kwenye dari, na jua likipiga, yananyesha shingoni mwako. Nilihangaika mwaka mzima nikidhani turubai linavuja.

Hita haisimami sakafuni moja kwa moja. Iko juu ya ubao uliovikwa bati, umebanwa kwa ndoano mbili kwenye ukingo wa sleji, isiweze kupinduliwa kwa goti. Umbali kutoka kwenye turubai na nguo ni ule ulioandikwa kwenye kitabu chake, na niliupima kwa futi, sikukisia. Kisha feni: ni ile ndogo ya kompyuta, ya milimita 120, nimeitundika kona ya juu ikipuliza chini. Kabla yake, hewa ya karibu na kofia ilikuwa ya joto kama chumbani huku magoti yakitetemeka. Sasa moto unabaki kwenye alama ya chini kabisa, na gesi inakwenda mbali.

Kiti na tumbo la sleji

Viti vinavyokuja na kibanda ni vya plastiki au ngozi bandia, na vyote huwa baridi kama jiwe. Nilikata povu la sakafuni lililobaki, nikalifunika kwa kitambaa cha sufu na kulifunga kwa mikanda. Cha mtoto nilikiinua kwa kipande cha mbao ili magoti yake yasiwe juu kuliko nyonga. Mgongo ndio unaochoka mapema kuliko miguu, na kama reli yako inakubali viti vyenye egemeo, gharama hiyo usiibanie.

Chini ya sleji nilifunga vipande vitatu virefu vya plastiki ngumu, kutoka mbele hadi nyuma, kama mikuku ya mashua. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya plastiki, visiburuzike, na kila tundu lipakwe silikoni. Kazi hiyo inaokoa tumbo la sleji lisisagwe na mawe ya ufukweni na barafu isiyo na theluji, na mkokoto unakuwa mwepesi. Nyuma na pande zote mbili nimeshona tepu ya kuakisi mwanga, kwa ajili ya wanaopita na magari ya theluji usiku.

Ukirudi nyumbani

Fungua kibanda siku ileile, hata kama umechoka. Turubai likikunjwa na unyevu, litaota kuvu ndani ya siku chache, na harufu yake haitoki. Mwisho wa msimu mimi hulitundika siku mbili, naondoa kila tone la chambo na kila punje ya chakula, na makasha nayaacha wazi. Panya wakikuta humo kitu cha kutafuna, wataendelea na turubai. Betri inaingia ndani ya nyumba ikiwa na chaji ya nusu.

Wakati turubai linakauka, mimi na binti yangu tunatoa kila kitu na kukipanga sakafuni. Chochote ambacho hakuna aliyekigusa msimu mzima kinatoka kwenye sleji, isipokuwa vya dharura. Mwaka huu vimetoka vitatu: rafu ya kukunja, spika, na ndoo ya pili. Mizani imeshuka kilo 4.